MWALIMU ALIYEPIMA NYAYO: Somo juu ya Imani, Elimu na Ushahidi wa Kweli

  

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia yako usome Ayubu 13:7-9, kisha Kutoka 20:16 na Mithali 18:17. Ukimaliza, rudi hapa tujifunze pamoja.

ASILI YA SOMO HILI

Somo la mwezi huu limetoka katika aibu yetu wenyewe, na ni vizuri tuanze na aibu hiyo.

Jumapili moja tulifundisha juu ya uumbaji. Tulikuwa tumesoma kijitabu kimoja cha zamani kilichosema kwamba huko Marekani, kando ya mto Paluxy katika jimbo la Texas, nyayo za binadamu zimeonekana kwenye jiwe moja na nyayo za dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale. Hatukuuliza kijitabu kile kiliandikwa lini, wala mwandishi alipata wapi habari ile. Tulisimama mimbarani tukasema kwa sauti kubwa, "Huu ndio ushahidi! Waalimu wa shule wataficha uso wapi?" Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha.

Siku ya Alhamisi jioni kijana mmoja wa kwaya, mwanafunzi wa sekondari, alikuja kwetu. Akaketi kwenye benchi nje ya nyumba. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa heshima, "Mchungaji, naomba msamaha, lakini zile nyayo za binadamu si za kweli. Nimesoma. Hata Wakristo waliozitangaza walishaziacha miaka mingi."

Wapendwa, hatukumjibu kwa upole. Tulimwambia kwamba shule imeanza kumharibu, na kwamba mtoto hamfundishi baba yake. Alisikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akauliza swali moja tu: "Mchungaji, kama hili ulituambia bila kulichunguza, yale mengine sisi tutajuaje?" Akaaga, akaondoka. Kwa miezi miwili nafasi yake katika kwaya ilikuwa wazi, na mama yake alikuwa anatuangalia kwa huzuni kila Jumapili.

Swali lile lilitunyima usingizi. Tukaanza kutafuta, kwa msaada wa ndugu wenye vitabu na simu zenye intaneti. Tuliyoyapata ndiyo tunawaletea leo.

1. HABARI YA MTO PALUXY

Kijana alikuwa na haki. Nyayo za dinosaria ziko kweli kando ya mto Paluxy, karibu na mji wa Glen Rose, na watu wamezijua tangu mwanzo wa karne ya 20. Katika miaka ya 1930, wakati wa njaa na ukosefu wa kazi huko Marekani, baadhi ya wenyeji walichonga nyayo za bandia kwenye mawe na kuziuza ili wapate chakula. Sisi tunaojua njaa hatutawacheka watu wale. Lakini mawe yale yalisafiri mbali, na habari ikakua. Katika miaka ya 1970 ilitengenezwa filamu juu ya nyayo hizo, ikaonyeshwa katika makanisa mengi.

Kulikuwa pia na alama ambazo hazikuchongwa na mtu. Alama hizo ni ndefu, na ukizitazama kwa haraka zinafanana na unyayo wa binadamu. Mwaka 1975 mwanabiolojia Mkristo, Berney Neufeld wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, aliandika kwamba ushahidi wa nyayo za binadamu pale Paluxy hautoshi. Zingatieni hili: mtu huyu alikuwa mwamini, akiandika katika jarida la waamini wanaoshikilia uumbaji. Baadaye, katika miaka ya 1980, mchunguzi Glen Kuban alionyesha kwamba nyingi ya alama zile ndefu ni za dinosaria aliyekanyaga kwa sehemu ya nyuma ya mguu, na kwamba alama za vidole vyake zilijazwa na udongo mwingine. Rangi ya udongo huo ilivionyesha vidole vile waziwazi. Mwaka 1986 filamu ile iliondolewa, na viongozi wa utafiti wa uumbaji wakashauri watu waache kutumia nyayo za Paluxy kama ushahidi.

Sisi, miaka mingi baadaye, tulikuwa bado tunazihubiri!

2. MWALIMU MMOJA WA LOMA LINDA

Katika kutafuta habari ya chuo hicho cha Loma Linda, tulikutana na jina la mwalimu mwingine wa hapo hapo, na kazi yake imetufundisha mengi. Jina lake ni Leonard Brand. Loma Linda ni chuo kikuu cha Waadventista wa Sabato, katika jimbo la California. Sisi na ndugu zetu Wasabato tuna tofauti zetu, na kila mmoja hapa anazijua. Lakini mtu akifanya kazi kwa uaminifu, tusione haya kujifunza kwake.

Brand alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, mwaka 1970. Kazi yake ilikuwa biolojia ya wanyama wenye uti wa mgongo, yaani samaki, vyura, mijusi, ndege na wanyama wanyonyeshao. Hakuanza na dinosaria wala gharika ya Nuhu. Alianza na wanyama wadogo ambao mtu hupita bila kuwaangalia. Alichunguza panya wa mwituni, na kindi wadogo wenye mistari mgongoni wanaoishi katika misitu ya California. Mwaka 1974 alichapisha habari za viota vyao juu ya miti. Mwaka 1976 alichapisha habari za milio yao, jinsi kila jamii ya kindi hao inavyolia.

Fikirieni kazi hiyo. Mtu mzima, daktari wa chuo kikuu, anakaa porini akisikiliza kindi! Wengine wangemwona amepotea. Lakini Zaburi 111:2 inatufundisha kwamba wanaopendezwa na kazi za Mungu huzichunguza. Na 1 Wafalme 4:33 inasema kwamba Sulemani, pamoja na ufalme wake wote, alizungumza juu ya miti, wanyama, ndege, viumbe vitambaavyo na samaki. Kumsikiliza kiumbe mdogo kwa makini ni njia moja ya kumheshimu aliyemuumba.

Brand anaamini kwamba Mungu aliumba, na kwamba habari za kitabu cha Mwanzo ni habari za kweli. Hakuficha imani hiyo. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Andrews kilichapisha kitabu chake juu ya imani, akili na historia ya dunia. Ndani yake anaeleza imani yake, na anakubali pia kwamba yako maswali mazito ambayo watu wa upande wake hawajayapatia majibu, hasa juu ya vipimo vya umri wa mawe. Wapendwa, ni wahubiri wangapi tunaokubali jambo kama hilo mbele ya watu?

3. NYAYO ZA COCONINO

Katika jimbo la Arizona kuna bonde refu sana linaloitwa Grand Canyon, ambako mto umekata miamba hata tabaka zake zinaonekana moja juu ya nyingine kama mikate iliyopangwa. Tabaka moja ni la mawe ya mchanga, rangi yake nyeupe nyeupe, linaitwa Coconino. Ndani ya mawe hayo kuna nyayo za wanyama wa kale wenye miguu minne.

Wanajiolojia wengi wanafundisha kwamba Coconino ilikuwa jangwa, na mchanga ule ulirundikwa na upepo. Wana sababu zao. Mchanga umelala kwa mteremko kama vilima vya jangwani, na kuna alama zinazofanana na za buibui na nge, ambao ni wadudu wa nchi kavu. Mwanajiolojia Edwin McKee, katika miaka ya 1940, aliwatembeza mijusi juu ya mchanga mkavu na mchanga wenye unyevu, akaona kwamba nyayo za mchanga mkavu ndizo zinazofanana zaidi na zile za mawe.

Brand aliuliza swali ambalo lilikuwa halijajaribiwa vizuri: Je, kama wanyama wale walitembea chini ya maji? Ni wazi kwamba imani yake ndiyo iliyomsukuma kuuliza swali hilo, kwa sababu mtu anayeamini gharika atafikiri juu ya maji. Lakini angalieni alichofanya baada ya kuuliza. Hakukimbilia mimbarani kama sisi. Alishuka bondeni kwa njia ya miguu inayoitwa Hermit akachunguza mistari 82 ya nyayo. Kisha akatengeneza sanduku kubwa lenye mchanga wa mteremko, akaleta salamanda na mijusi walio hai, akawatembeza juu ya mchanga mkavu, mchanga wenye unyevu, na mchanga ulio chini ya maji. Alipima mistari 236 ya nyayo za wanyama hao, akailinganisha na ile ya mawe. Mwaka 1979 alichapisha matokeo yake: nyayo zilizofanyika chini ya maji ndizo zilizofanana zaidi na za Coconino.

Mwaka 1991 yeye na mwenzake Thu Tang walichapisha habari nyingine katika jarida la Geology, ambalo linasomwa na wanajiolojia wa dunia nzima. Walionyesha kwamba katika baadhi ya nyayo zile, vidole vinaelekea juu ya mteremko lakini mnyama mwenyewe anakwenda kando, kama mtu anayevuka mto wenye nguvu huku maji yanamsukuma. Nyingine zinaanza ghafula au kuisha ghafula, kama kwamba mnyama aliinuliwa na maji akaogelea. Wale kati yetu waliovuka mito kwa miguu wakati wa kukimbia wanaelewa picha hiyo bila kuelezwa.

Sasa ndugu mmoja atasema, "Haleluya, gharika imethibitishwa!" Hapana. Mwaka 1992 wanasayansi wengine walimjibu Brand katika jarida lile lile, wakapinga maelezo yake. Walisema nyayo hizo zinaweza kuelezwa kwa wanyama wa nchi kavu, na zile alama za wadudu bado zinadai jibu. Brand naye akawajibu. Hadi leo walio wengi wanaendelea kusema kwamba Coconino ilikuwa jangwa. Na hata kama ingekubalika kwamba wanyama wale walitembea chini ya maji, hilo peke yake lisingethibitisha kwamba maji yale ni ya Nuhu.

Basi tunajifunza nini kwa mtu ambaye wengi hawakumkubali? Tunajifunza namna alivyosema. Alitoa namba zake na njia yake, akaiweka kazi mikononi mwa watu ambao alijua hawakubaliani naye, ili waipime. Mithali 18:17 inasema kwamba mtu wa kwanza kueleza shauri lake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Brand alimkaribisha huyo mwenzake. Sisi tulimfukuza kijana wetu kwenye benchi.

4. NYANGUMI WA JANGWA LA PERU

Jambo la pili. Katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, kuna jangwa karibu na bahari, na ndani ya ardhi yake kuna mifupa mingi ya nyangumi wa kale iliyogeuka mawe. Nyangumi, kwa watoto ambao hawajawahi kusikia, ni mnyama wa baharini mkubwa kuliko lori la mgao. Brand alikwenda huko na wenzake, wakiwemo wanasayansi wenyeji wa Amerika ya Kusini.

Mtu mwingine angesema, "Nyangumi ni wengi sana," akarudi nyumbani. Wao walihesabu. Mnakumbuka siku ya uhakiki, jinsi hakuna anayekubali neno "wengi"? Kila mtu husimama akahesabiwa, kichwa kwa kichwa. Ndivyo walivyofanya. Katika eneo la kilomita za mraba 1.5 hivi walikuta nyangumi 346.

Mifupa mingi ilikuwa bado imeungana mahali pake. Wengine walikuwa bado na zile nywele ngumu za mdomoni ambazo nyangumi hutumia kuchuja chakula, nazo kwa kawaida hupotea haraka mnyama akifa. Udongo uliowafunika umefanyika kwa magamba ya mwani mdogo sana wa baharini unaoitwa diatomu. Katika bahari za siku hizi, udongo wa namna hiyo hujirundika polepole, sentimita chache tu kwa miaka 1,000. Wakauliza: mzoga unaolala wazi kwa maelfu ya miaka utabakije mzima hivyo? Mwaka 2004 waliandika katika jarida la Geology kwamba nyangumi hao lazima walifunikwa haraka, kwa muda mfupi mno kuliko maelfu ya miaka.

Hapa pia tuseme yote. Wanajiolojia wengine wamepima majivu ya volkano yaliyo kati ya tabaka hizo, wakapata umri wa mamilioni ya miaka. Mnyama anaweza kufunikwa haraka na tabaka zote zikachukua muda mrefu. Jambo moja haliondoi la pili. Kwa hiyo nyangumi wa Peru hawamalizi mabishano juu ya umri wa dunia. Lakini swali la kwa nini mizoga ile haikuoza lilikuwa swali zuri, na waliolijibu ni watu wa imani waliokwenda juani na kuhesabu.

5. MAANDIKO YANATUFUNDISHA NINI?

(a) Mungu hahitaji uongo wetu. Ayubu, akiwa katika majivu yake, amepoteza watoto na mali, aliwauliza rafiki zake kama walikuwa tayari kusema yasiyo kweli ili kumtetea Mungu. Akawaonya kwamba Mungu mwenyewe atawachunguza. Rafiki zake hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa dini waliotaka kumsaidia Mungu kwa maneno ambayo hawakuyapima. Hilo ndilo kosa letu la Jumapili ile.

(b) Uongo mmoja hudhoofisha kweli nyingi. Sisi wakimbizi tunajua uzito wa ushahidi. Tuchukue mfano wa mtu aliyekimbia kweli, ambaye nyumba yake ilichomwa kweli na ndugu zake kuuawa kweli. Kabla ya mahojiano, jirani anamshauri aongeze jambo moja ambalo halikutokea, ili kesi yake iwe na nguvu. Anaongeza. Jambo lile moja likigunduliwa, hata machozi yake ya kweli yanatiwa shaka. Ndivyo ilivyo kwa Injili. Kijana aliyegundua kwamba tulikosea juu ya nyayo za Texas aliuliza juu ya kaburi lililo wazi la Yerusalemu. Kosa la kumfikisha huko lilikuwa letu, wala si la shule yake.

(c) Kuamini hakuzuii kupima. 1 Wathesalonike 5:21 inatuagiza kuyajaribu mambo yote na kushika lililo jema. Imani inaweza kukupa swali la kuuliza, kama ilivyompa Brand. Lakini haikupi ruhusa ya kubuni jibu. Ukiwa hujapima, sema hujapima. Ukiwa hujui, sema hujui. Mchungaji anayesema "sijui" hapungukiwi na upako.

(d) Tujibu kwa upole. 1 Petro 3:15-16 inatutaka tuwe tayari kujibu kila anayeuliza habari za tumaini letu, na tufanye hivyo kwa upole na heshima. Heshima hiyo inamhusu hata mwalimu wa biolojia asiyeamini. Inamhusu zaidi mtoto wetu anayeuliza.

6. NENO KWA WANAFUNZI NA WAZAZI WAO

Wazazi wengine wametuuliza, "Mtoto wangu akiulizwa juu ya mageuzi ya viumbe katika mtihani, ajibu nini? Akijibu kama kitabu cha shule, si amemkana Mungu?"

Hapana. Kueleza fundisho kwa usahihi ni tofauti na kulifanya imani yako. Danieli na wenzake walikuwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwao, kama sisi. Walipofika Babeli walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo (Danieli 1:4). Hawakukataa darasa. Mstari wa 17 unaonyesha kwamba Mungu ndiye aliyewapa maarifa katika elimu hiyo. Walichokataa ni kujitia unajisi na kusujudia sanamu. Kwa hiyo, mwanangu, soma biolojia yako kwa bidii. Jifunze fundisho lile vizuri kuliko wenzako, na ujibu mtihani kama ulivyofundishwa. Imani yako haimo katika karatasi ya mtihani.

Tena tuwe wakweli. Walio wengi sana kati ya wanasayansi wanasema dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na kwamba viumbe vimebadilika kwa muda mrefu. Wakristo wengi wanakubaliana nao, wakiamini kwamba Mungu aliumba kwa njia hiyo. Wakristo wengine, kama Brand na sisi pia, tunalisoma neno la Mwanzo kwa namna nyingine. Jambo hili lisigawanye familia. Tusimwite ndugu yetu mpagani kwa sababu ya umri wa mawe. Tunaungama pamoja kwamba kuna Muumba, na kwamba alitupenda akamtoa Mwana wake.

Na wewe kijana unayependa elimu, kanisa linakuhitaji. Ukiwa huna maabara, una macho. Brand alianza na kindi. Hapa kwetu kuna mijusi ukutani, kuna vyura wakati wa mvua, kuna ndege wanaojenga viota katika miti tuliyoachiwa. Chukua daftari. Andika tarehe, andika ulichoona, hesabu. Baada ya mwaka mmoja utajua jambo ambalo halijaandikwa katika kijitabu chochote.

7. MWISHO WA HABARI YETU

Baada ya kujua ukweli, tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Tuliketi mbele ya mama yake, tukamwambia, "Mwanangu, wewe ulisema kweli na sisi tulikukaripia. Utusamehe." Alishangaa. Mama yake akaanza kulia. Jumapili iliyofuata tulisimama mimbarani pale pale tulipokuwa tumetangaza nyayo zile, tukawaambia waumini kwamba habari ile haikuwa ya kweli na kwamba tuliisema bila kuichunguza. Hakukuwa na vigelegele siku hiyo. Lakini mzee mmoja alitushika mkono mlangoni, akasema, "Leo nimekuamini zaidi."

Kijana amerudi katika kwaya. Hatusemi kwamba maswali yake yameisha. Anakuja jioni, anaketi kwenye benchi lile lile, anauliza, na mara nyingi tunamjibu, "Hilo hatujui, tutafute pamoja." Tunaona hiyo ni neema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Rafiki za Ayubu walitaka kumtetea Mungu. Walikosea wapi?
2. Je, kuna habari unayoipitisha kwa wengine (juu ya dini, juu ya safari, juu ya jirani) ambayo hukuichunguza? Utafanya nini?
3. Mtoto wako akileta swali gumu kutoka shuleni, kwa kawaida unamjibuje? Soma tena 1 Petro 3:15-16.
4. Danieli alikubali nini Babeli, na alikataa nini? Sisi katika nchi ya ugenini tukubali nini na tukatae nini?

TUOMBE

Baba yetu, Muumba wa mbingu na nchi, tusamehe pale tuliposema kwa jina lako mambo ambayo hatukuyapima. Walinde watoto wetu wanaosoma katika mazingira magumu. Uwape waalimu wao moyo mwema, na sisi wazazi utupe masikio. Utufundishe kuipenda kweli hata inapotuaibisha. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.